Je, wajua? Mama yake bibi hutafutwa kwa mahari, si kwa jina la ukoo

Kwa nini mwanamke wa kawaida aliyeishi kijijini Sikonge au Urambo, mkoani Tabora, miaka mia moja iliyopita ni mgumu kumpata kuliko mume wake? Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa kwamba hakuandikwa wala hakukumbukwa. Nilikosea, na kosa lenyewe lilianzia kwenye jina.

Mama yake bibi nilimtafuta kwa jina la mwisho la mume wake. Ndivyo fomu zilivyotuzoesha: majina matatu, la mwisho tunaliita la ukoo, na wapo wanaolibadilisha wakiolewa. Nikadhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Lakini Unyamwezini, yaani huku kwa Wanyamwezi wa Tabora, mke hakuchukua jina la mume. Alibaki na lake, na karani akimwandika alimfuatisha baba yake: Kalunde binti fulani. Hiyo “binti” iliandikwa hata kwa mwanamke ambaye hakuwa Mwislamu, kwa hiyo isikudanganye kuhusu dini yake. Nyumbani, akishazaa, aliitwa mama fulani, na jina lake la utotoni likabaki kwa waliokua naye. Nilichokuwa nakiita jina la ukoo kilikuwa jina la mtu mmoja tu, baba wa mume huyo, lililoganda siku mume alipoandikishwa. Ningeweza kupekua miaka kumi chini ya jina hilo nisimkute mke hata mmoja.

Ni kweli kwamba karatasi zilimpita pembeni. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika. Daftari za kodi ziliorodhesha wanaume. Mke aliingia humo kama nyumba moja ya kulipiwa, bila jina. Aliyebatizwa ana nafuu kubwa. Mapadri Weupe walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka uliofuata, na kitabu cha ubatizo cha Kanisa Katoliki hutaja wazazi na msimamizi, kisha ndoa ikifungwa huongezwa pembeni mwa mstari uleule. Lakini wengi hawakubatizwa, na kwa hao ndipo mahari inapoingia.

Chukua mfano huu: mkulima wa tumbaku akipeleka marobota yake kwenye chama cha msingi cha ushirika hupewa stakabadhi. Karatasi ile huitunza kuliko picha ya harusi, kwa sababu fedha bado hajazipokea. Upande wa pili, chama nacho kina nakala. Deni likiwa wazi hakuna anayethubutu kupoteza maandishi, na mmoja akisema uongo mwenzake ana cha kumjibu.

Mahari ilikuwa deni la namna hiyo, ila stakabadhi yake ilikaa vichwani mwa watu. Ndoa ikivunjika mahari ilidaiwa, na idadi ya watoto waliozaliwa ilihesabiwa katika kukata kiasi cha kurudisha. Kwa hiyo familia zote mbili zilipaswa kukumbuka kilichotolewa, siku gani, mbele ya mashahidi gani, na nani alikula fungu lipi. Karne ya 19 majembe ya chuma yalikuwa sehemu ya mahari; mbuzi, ng'ombe na baadaye shilingi vilifuata kulingana na mahali, maana penye mbung'o ng'ombe hawadumu.

Mahari iliamua pia mtoto ni wa nani. Iliyolipwa iliwapeleka watoto upande wa baba. Isipolipwa walibaki wa ujombani mpaka baba awakomboe. Ndiyo maana usishangae kumkuta bibi akitajwa kwa jina la baba wa mama yake: huenda si makosa ya karani, bali ni habari kwamba mahari haikuwa imetolewa. Na kesi zilizofika baraza la mtemi mara nyingi zilihusu ndoa. Mwanamke aliyeishi kwa amani na mumewe hakuacha mstari hata mmoja; aliyeachika akagombewa ana ukurasa mzima, pamoja na baba, kaka na kijiji. Ni jambo linalonisikitisha na kunisisimua kwa pamoja.

Jina lake lenyewe laweza kukupa mwaka, lakini kwa tahadhari. Nyanzala huhusishwa na njaa, Nyanzige na nzige, na nzige wekundu walizagaa nchini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hata hivyo Wanyamwezi hurithishana majina ya wazee waliokufa, kwa hiyo Nyanzige anaweza kuwa amezaliwa mwaka wa mavuno mema akabeba jina la bibi yake. Bila ushahidi mwingine, kama vile kukumbuka kwamba reli ilifika Tabora (1912) yeye akiwa mwali, mimi nisingeandika mwaka wowote.

Kijiji nacho hugeuka. Wakati wa Waingereza watu wa magharibi walikusanywa kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale, kisha ukaja uhamisho wa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Kaburi likabaki porini, jina la kijiji likahama na watu.

Kwa hiyo nilipokwenda kwa mama mkubwa, ambaye sasa amepita miaka themanini, sikumuuliza tena mama yake bibi aliitwa nani. Nilimuuliza, “Mama mkubwa, nani alikula mahari yake?” Alinyamaza kidogo, kisha akahesabu kwa vidole: mbuzi wanne kwa baba yake, mmoja kwa shangazi, na jembe alilichukua mjomba wake kule ng'ambo ya mto. Huyo mjomba alimtaja kwa jina na kwa jina la baba yake. Mjomba ni kaka wa mama, na baba yake mjomba ndiye babu mzaa mama. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mwanamke mmoja. Nikarudi na watu wa mama yake pia.