Kinyago cha Mycenae si cha Agamemnon

Kinyago cha dhahabu alichokifukua kaburini mwanaakiolojia Heinrich Schliemann mwaka 1876 huko Mycenae, mji wa kale wa kilimani nchini Ugiriki, bado huitwa sura ya Agamemnon, mfalme wa Wagiriki katika hadithi ya vita vya Troy. Sivyo. Makaburi yale, hatua chache ukishapita Lango la Simba la ngome ya mji, ni ya karne ya 16 KK. Vita hivyo, kama vilipiganwa, huwekwa karibu na mwaka 1200 KK. Zaidi ya miaka 300 imepita hapo katikati!

Kitazame kwa karibu: dhahabu nyembamba iliyofuliwa kwa nyundo, masharubu yamepinda juu, matundu mawili masikioni ya kupitishia uzi. Mwenyewe hatumjui kwa jina, na hilo halimpunguzii heshima. Hata “Hazina ya Atreus” (babake Agamemnon), nje kidogo ya ngome, jina lake linapotosha: si hazina, ni kaburi.