Helikopta haiji leo: dhana potofu kuhusu majeruhi wa vitani

Tangu Novemba 2021 askari wa UPDF, jeshi la Uganda, wamo kwenye misitu ya mashariki ya Kongo katika Operesheni Shujaa dhidi ya waasi. Mvua ikinyesha barabara za huko huwa tope tupu, na wingu likishuka helikopta haitui. Majeruhi aweza kulazwa palepale hadi kesho, na hapo ndipo maneno ya kambini huua.

"Ukimfunga mkanda wa kubana damu, mguu umekwenda." Hapana. Mkanda usiozidi saa mbili ni nadra kuuharibu mguu. Hatari ni kuusahau. Andika saa uliyofunga, juu ya mkanda au kwenye paji la uso wake. Kabla saa mbili hazijatimia, kama mguu haukukatika, hali yake imetulia na una nafasi ya kulichunga jeraha, lijaze shashi, likandamize, lifunge bandeji, kisha legeza mkanda polepole huku ukitazama. Uache palepale, damu ikirudi, kaza. Zikipita saa sita, mwachie daktari wa upasuaji. Ila ule mtindo wa kulegeza kila mara eti "mguu upumue" ni kumwaga damu yake kwa vijiko.

"Hii ni Afrika, hapati baridi." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Aliyevuja damu nyingi hupoa hata jua la saa sita mchana likiwaka, seuze usiku wa Rwenzori. Mwili ukipoa, damu hugoma kuganda na jeraha huanza upya. Mvue nguo zilizolowa, mfunike. Na usisahau chini: turubai au majani makavu kati yake na ardhi, maana ardhi humnyonya joto.

"Usimpe maji kabisa." Akiwa na fahamu na anameza vizuri, mpe kidogo kidogo.

"Damu ikisimama, kazi imekwisha." Afande, ndiyo kwanza inaanza. Chukua chupa upime mkojo: mtu mzima atoe kama mililita 30 hadi 50 kwa saa. Ukipungua, mwili unakosa maji au damu. Mgeuze kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo. Andika mapigo ya moyo, pumzi, dawa na saa ulizompa. Ni kazi ya uuguzi, na wapiganaji wengi huidharau. Mpe askari asiyeona haya kushika hiyo chupa.