Pampu kubwa sio dawa jamani

Juzi tena simu. Jamaa anachimba shimo la pampu ya majitaka huku Ngamiani, Tanga, mita sita kwenda chini, maji yamejaa, "fundi niazime pampu kubwa". Mara ya ngapi hii mwaka huu! Nikamuuliza maji unayotoa yana rangi gani? Ya matope matope hivi. Basi kaka hapo hutoi maji tu, unatoa na mchanga uliobeba msingi wa jirani yako.

Iko hivi. Ukikausha shimo wakati nje maji yamesimama mita nne juu ya sakafu yako, yale ya nje yanasukuma kama tani nne kila mita ya mraba, yatapita chini ya ringi (ule ukuta wa duara unaozunguka shimo) na kupanda na mchanga. Utaona chini panatokota kama uji, ukikanyaga unazama mpaka magotini, asubuhi umetoa nusu mita jioni imerudi ileile, unawalaumu vibarua kumbe ule mchanga unatoka chini ya nyumba ya watu. Pampu kubwa ndo inazidi kuuita.

Shitipaili, yale mabamba ya chuma yanayopigiliwa ardhini kuzuia udongo? Ile nyundo inavyotikisa nyumba za zamani, halafu ukutane na jiwe la matumbawe, sahau. Ukuta wa bentonaiti, ule wa zege unaomwagwa kwenye mtaro uliojaa tope zito la kuzuia udongo usibomoke, ni mzuri sana ila mashine yake haikati kona za mitaa yetu.

Mimi nazamisha ringi na maji yake ndani, usawa uleule wa nje au juu kidogo. Nachota udongo kwa grabu, ile ndoo ya taya, ringi inashuka kwa uzito wake, njia hiyohiyo ya uzito ndo mhandisi Brunel alizamishia mnara wake wa matofali pale Rotherhithe, London, 1825, upana kama mita 15. Nikifika namwaga zege chini ya maji kwa bomba, mdomo wa bomba usichomoke kwenye zege hata kidogo, likikomaa ndo nakausha, na hapo nimeshapiga hesabu ringi tupu isije ikainuliwa na maji ya nje ikaelea.

Sasa sisemi haina shida. Msuguano wa udongo na ukuta wa ringi inaposhuka vitabuni una fomula, saiti nakisia tu, na mara mbili nimekisia vibaya. Ringi moja ilikaa juu ya jiwe upande mmoja ikalala, nikahangaika wiki nzima kuchota upande ulio juu, na ufa kwenye ukuta wa bimkubwa wa jirani ukatokea vilevile, nimeuziba kwa hela yangu.

Yule jamaa nimemwambia arudishe maji shimoni leo leo, bei tutaongea baadae. Akakata simu.