Mhitimu hajakuandikia? Maana ya kimya cha Januari

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatoka, vijana wa Lamu wanaoomba vyuo vya Marekani huniuliza swali moja kuliko yote: "Mwalimu, mwenzangu wa Mombasa ameshaitwa mahojiano, mimi kimya mpaka leo. Ndiyo nishakatwa?" Hujakatwa. Huenda hata faili lako halijafunguliwa bado.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa huku visiwani kuomba vyuo vya nje, kwa hiyo wacha nieleze mambo yanavyokwenda. Vyuo kama Harvard, Princeton na MIT huwatumia wahitimu wao kuwahoji waombaji, yaani watu waliosoma pale miaka iliyopita na sasa wana kazi na watoto wao. Hawa wanajitolea, hawalipwi hata senti. Ukishatuma maombi, jina lako, shule yako na mawasiliano yako hutafutiwa mhitimu aliye tayari kukuhoji, ana kwa ana au kwa video. Akipatikana mwenye nafasi, atakuandikia. Asipopatikana, faili lako linaendelea na safari bila mahojiano. MIT wanalisema bila kuficha: ukikosa mtu wa kukuhoji, maombi yako hayadhuriki. Mwenzako wa Mombasa ameitwa kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na Jumamosi tupu, basi.

Na aliyeitwa naye asijione kafika. Kwa kawaida mhitimu haoni alama zako wala insha zako. Anazungumza nawe, anaandika ripoti fupi, anaituma. Wanaoamua ni wengine, waliokaa ofisini na faili zima mbele yao.

Tahadhari, lakini: usiichukue kanuni hii ukaipeleka kila chuo. Oxford na Cambridge za Uingereza wana mchezo mwingine kabisa. Kule wanaohoji ni walimu wenyewe wa somo, mahojiano hufanyika zaidi Desemba, na usipoitwa Oxford hilo ndilo jibu lenyewe. NYU Abu Dhabi, tawi la Chuo Kikuu cha New York kule Abu Dhabi, nao huwaalika waliokwisha kupita mchujo, kwa hiyo mwaliko wao ni hatua ya kweli. Yale wako katikati: wahitimu wao huelekezwa kwanza kwa waombaji ambao kamati inataka kuwajua zaidi, na asiyeitwa pengine faili lake limeshajieleza vya kutosha. Brown waliacha mahojiano ya wahitimu, siku hizi wanapokea video fupi unayojirekodi mwenyewe. Nimeona kijana akikesha akisubiri simu ya Brown, chuo ambacho hakimpigii mtu.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni yule aliyeandikiwa asijue. Maombi ya duru ya awali, ya wanaotaka jibu mapema, hufungwa Novemba 1, na mwaliko wake unaweza kuingia katikati ya mtihani wa KCSE, mwanafunzi yuko bweni, simu haruhusiwi. Mhitimu anaandika mara moja, anaandika mara ya pili, anakata tamaa. Kama unaomba duru ya awali, mpe mtu wa nyumbani unayemwamini nywila ya barua pepe yako, dada au ami, na umwonyeshe folda ya spamu iko wapi. Barua ya mgeni usiyewahi kuandikiana naye hupenda sana kuangukia huko. Wanaoomba duru ya kawaida, inayofungwa mwanzoni mwa Januari, wana nafuu kidogo kwa sababu wameshamaliza shule na wako nyumbani.

Halafu kuna saa. Binti mmoja wa Shela aliandikiwa na mhitimu aliye Boston akipendekeza Alhamisi saa tisa alasiri. Akajipanga vizuri: ataswali Alasiri, atavuka kuja mjini, atakaa sehemu yenye intaneti nzuri. Aliponisomea ile barua, baada ya muda palikuwa na herufi mbili, ET, yaani saa za mashariki mwa Marekani. Saa tisa alasiri ya Boston wakati wa baridi ni saa tano usiku ya Lamu, maana wako nyuma yetu kwa saa 8. Tulimjibu yule bwana kwa heshima, tukamwomba saa tatu asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni, mazungumzo yaishe kabla ya Magharibi. Akakubali dakika hiyohiyo. Wahitimu ni watu, hawachukii kuombwa muda mwingine. Ramadhani nayo ikiangukia Februari, kama 2026, mwambie mapema kwamba saa fulani ni ya kufuturu.

Mahali pa kukaa pia ni shughuli. Wakaaji wa Mkomani mnajua: nyumba ya mawe ina kuta nene, ukiwa chini mtandao unakata kila neno la tatu. Ukipanda darini mtandao upo, lakini msimu wa mahojiano ndio msimu wa kaskazi, na upepo ukiingia kwenye maikrofoni yule wa upande wa pili hasikii kitu. Chumba cha juu, dirisha limerudishwa, simu imejaa chaji na bando la akiba endapo umeme utakatika. Punda akilia, mwache alie. Adhana ikianza, omba radhi, nyamazeni wote wawili, kisha mwendelee. Mhitimu mwenye akili atakumbuka hilo kwa wema.

Wazazi nao wana swali lao, na ni la haki: huyu mwanamume anayetaka kuzungumza na binti yangu ni nani? Muulize kijana akuonyeshe barua. Jina la mhitimu linaweza kuthibitishwa kwa kuiandikia ofisi ya udahili ya chuo chenyewe, na hakuna atakayekasirika. Mkikutana ana kwa ana, iwe ni mahali pa watu, si nyumbani kwake wala chumba cha hoteli. Ikiwa ni kwa video, mama akae chumba cha pili, mlango wazi, ila asiingie kumjibia. Na mtu yeyote akitaja pesa, ya fomu, ya kuharakisha, ya "kukuombea", huyo ni tapeli. Mahojiano ya wahitimu hayana ada.

Sasa, ukiwa unasubiri, ufanye nini? Usimwinde mhitimu Facebook. Usiiandikie ofisi kila wiki kuuliza zamu yako. Ingia kwenye ukurasa wako wa mwombaji katika tovuti ya chuo uone kama kuna karatasi inayodaiwa. Mwombe mwalimu mkuu apeleke matokeo yako ya KCSE. Maliza fomu za msaada wa fedha, ambazo vyuo vingi huzidai kati ya Januari na Februari. Harvard, Yale, Princeton na MIT hawaangalii uwezo wa mzazi wakati wa kuchagua, hata kwa mwanafunzi wa Kenya, lakini msaada wenyewe hawautoi bila karatasi.

Na uzoee kujizungumzia. Hapa ndipo watoto wetu hukwama. Tumelelewa kwamba kujitaja ni kujisifu, na mkubwa akikuuliza unajibu kwa ufupi ukiinamisha macho. Adabu nzuri hiyo, lakini kwenye video inasomeka kama huna la kusema. Kijana mmoja wa Matondoni alinijia na majibu aliyoyakariri kuhusu kubadilisha dunia. Nikamuuliza likizo huwa anafanya nini. Kumbe humsaidia babake kutengeneza majahazi. Nikamwambia anieleze jahazi linavyopigwa kalafati, akanieleza mpaka chai ikapoa: mbao zinavyoungana, mahali maji yanapopenda kupenya, kwa nini fundi hugonga ubao kwanza na kusikiliza. Hakusita hata mara moja. Nikamwambia akazungumze hivyohivyo, ayaache yale ya dunia. Kaa barazani na ami yako, mwambie akuulize "kwa nini?" mara tatu mfululizo, ujibu bila kuangalia chini.

Ikifika mwanzo wa Machi hujaandikiwa, acha kulisubiri hilo. MIT hutoa majibu Machi 14, saa kumi na mbili na dakika 28 jioni ya kwao. Kufikia hapo Wamarekani wameshasogeza saa zao mbele, tofauti yetu inakuwa saa 7, kwa hiyo kwa Lamu ni saa saba na dakika 28 usiku wa kuamkia tarehe 15. Wengi wa vyuo vile vingine hufuata mwishoni mwa mwezi huohuo, nao pia usiku wa manane kwetu. Nunua bando mchana, maduka ya Langoni saa hizo yamefungwa.