Mkono Uliolegea Hausubiri Mnada wa Korosho

Kila minada ya korosho inapochangamka, kuanzia mwezi wa 10, tunapokea hospitalini hapa Mtwara watu ambao mkono umelegea tangu mwezi wa 5. Ndugu wameshakaa kikao, nauli imepatikana. Inaniuma, maana muda mwingi wa kuuokoa mkono ule umekwenda wakati familia inasubiri bei ya kilo.

Mara nyingi ni dereva wa bodaboda au abiria wake. Anaporushwa, bega linatangulia chini huku kichwa kikivutwa upande wa pili. Hapo kati ya shingo na bega hupita mizizi 5 ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kutoka kwenye uti wa mgongo, ikasukana nyuma ya mtulinga kama ukili, ikashuka kwapani kuupa mkono nguvu na hisia. Ikivutwa ghafla inaweza kutanuka tu, kukatika, au kung'oka kabisa kwenye uti. Aliyeporomoka mnazini akadaka kuti kwa mkono mmoja huumia zaidi mizizi ya chini, ile ya vidole.

Tukimpima, tunamwambia anyanyue mkono kama anayetungua embe, kisha apeleke tonge mdomoni, kisha afumbe ngumi. Ngumi ikifumba lakini tonge halifiki mdomoni, mizizi ya juu ndiyo iliyoumia. Halafu tunamtazama macho. Wengi hushangaa, lakini kope ikilegea na mboni ikawa ndogo upande ule ule wa mkono mbovu, tunahofia mzizi wa chini umeng'oka, kwa sababu nyuzi za jicho hupitia hapo pia. Eksirei huonyesha mifupa, neva haionekani. Kwa hiyo kuambiwa mfupa mzima si kuambiwa mkono mzima. Kipimo cha umeme wa neva na misuli hufaa kuanzia wiki ya 3 au ya 4, kabla ya hapo hupotosha.

Neva iliyotanuka kidogo hupona yenyewe kwa wiki au miezi, mradi mazoezi tiba yaanze mapema viungo visigande. Iliyokatika haiungwi kwa kuchuliwa, hata mchuaji awe hodari vipi. Neva huota takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka shingoni hadi msuli wa kukunja kiwiko ni safari ya miezi. Msuli usiopata neva hunyauka. Ikipita miezi 12 hadi 18 hauwezi tena kuipokea. Ndiyo maana upasuaji hufaa zaidi ndani ya miezi 3 hadi 6: daktari huchukua neva ya mguuni kuziba pengo, au huelekeza tawi la neva isiyoumia, kama ya mbavuni, likaamshe msuli. Aliyechelewa bado anaweza kusaidiwa kwa kuhamisha kano.

Mtoto mchanga aliyekwama bega wakati wa kuzaliwa naye huweza kulegea mkono. Wengi hupona, lakini akifika miezi 3 hajakunja kiwiko, mama asiridhike na maneno ya "atachangamka tu".

Anzia hospitali ya Ligula hapa Mtwara au Sokoine, Lindi; ikibidi utaandikiwa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Ukikaa mbele ya daktari, taja kwanza tarehe ya ajali. Kuanzia hapo tunahesabu.