Wiski ya Campbeltown: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Campbeltown ni mji mdogo wa bandari kwenye rasi ya Kintyre, magharibi mwa Uskoti. Viwanda zaidi ya 30 vya wiski vimewahi kufanya kazi hapo, na Alfred Barnard, mwandishi wa habari za viwanda vya wiski, alipoutembelea miaka ya 1880 alivikuta 21. Leo vipo vitatu: Springbank, Glen Scotia na Glengyle.

Dhana: Marufuku ya pombe ya Marekani ndiyo iliyouangamiza mji huu.

Ukweli: Marufuku hiyo, ya mwaka 1920 hadi 1933, iliuumiza mji kwelikweli, maana ilifunga soko kubwa. Lakini maradhi yalikuwa mengi. Wafanyabiashara wanaochanganya wiski, ambao ndio waliokuwa wateja wakubwa, walikwishaanza kuipendelea wiski nyepesi ya Speyside, eneo jingine la Uskoti, kuliko ile nzito ya Campbeltown. Baadhi ya wenye viwanda wakakimbilia wingi, ubora ukashuka, na sifa mbaya ikawapata hata waliokuwa makini. Mwaka 1923 ukafungwa mgodi wa karibu uliokuwa ukivipatia viwanda makaa ya mawe. Kufikia mwisho wa 1934 vilibaki viwili tu, Springbank na Glen Scotia. Kumtupia Mmarekani lawama zote ni kuficha uzembe wa nyumbani, na naona hilo ndilo funzo ambalo wapenzi wa Campbeltown hawapendi kulisema.

Dhana: Wiski zote za huko zina ladha moja, ya moshi.

Ukweli: Springbank peke yake, kiwanda kilichoanzishwa 1828, hutengeneza aina tatu. Longrow hukenekwa (huchemshwa na mvuke wake kugandishwa kuwa pombe kali) mara mbili, na kimea chake, yaani shayiri iliyooteshwa, hukaushwa kwa moshi mwingi wa mboji, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni. Hazelburn hukenekwa mara tatu na haina moshi kabisa. Ile yenye jina la kiwanda ina moshi kiasi, nayo husemwa imekenekwa mara mbili na nusu, kwa kuwa sehemu yake tu ndiyo hupita mara ya tatu. Shayiri yote huoteshwa hapohapo, ikitandazwa sakafuni na kugeuzwa kwa mikono. Viwanda vingi vya Uskoti vimeshaiacha kazi hiyo na hununua kimea kilicho tayari.

Dhana: Kilkerran ni kiwanda cha nne.

Ukweli: Ni wiski ya Glengyle, kiwanda alichokianzisha William Mitchell mwaka 1872, kikafungwa 1925, kisha wenye Springbank wakakifufua 2004. Jina la Glengyle lilikuwa tayari mikononi mwa kampuni nyingine kama nembo ya wiski, ndiyo maana chupa zina jina tofauti.

Dhana: Wiski ya Japani haihusiani na mji huu.

Ukweli: Mwaka 1920 Mjapani Masataka Taketsuru alijifunza kazi katika kiwanda cha wakati huo kilichoitwa Hazelburn, kama ile wiski ya Springbank, hapohapo Campbeltown. Aliporudi kwao alisaidia kujenga kiwanda cha Yamazaki, na mwaka 1934 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, inayojulikana leo kama Nikka.