Ukimwita Kabula, bado watamwita Shepard

Kwenye vibanda vya gemu vya Kirumba, mpira ndio unaotawala. Ila kwenye kibanda chetu kulikuwa na PS3 moja ya pembeni, tuliyoachiwa sisi wachache wa Mass Effect, gemu tatu za vita vya angani ambamo unamuunda na kumcheza Kamanda Shepard, wa kike au wa kiume, na ndiko nilikozisikia dhana hizi. Nyingine nilizieneza mwenyewe.

"Mashine inamkumbuka mtu wako." Haimkumbuki. Kinachomvusha Shepard wako kutoka gemu ya kwanza (2007) hadi ya pili (2010) na ya tatu (2012) ni faili la sevu, yaani rekodi ya mchezo wako na maamuzi yako, basi. Wangu nilimtengeneza jioni mbili nzima, taya na pua nikizisogeza kidogo kidogo, mpaka jamaa aliyekuwa akisubiri zamu akauliza, "Kaka, unacheza au unachonga kinyago?" Wiki mbili baadaye nikakuta sevu zimefutwa ili mpira upate nafasi. Bahati nzuri gemu ya pili hukupa msimbo wa sura, na nilikuwa nimeunakili nyuma ya tiketi ya kivuko cha Kamanga. Nikaujaza, sura ikarudi vilevile. Maamuzi hayakurudi hata moja, maana msimbo ule hubeba uso tu.

"Bila sevu ya kwanza, gemu ya pili inakuacha huru." Wapi! Inakuamulia, tena kwa roho mbaya: Wrex, mwenzako wa vitani kwenye ya kwanza, kafa, na Baraza linaloongoza galaksi limeangamia. Sisi wa PS3 tulipata afueni kidogo. Gemu ya pili ilitufikia Januari 2011, ya kwanza ikiwa bado haijaja kwenye mashine hiyo (ilikuja Desemba 2012), kwa hiyo watengenezaji wake, BioWare, wakaweka katuni fupi mwanzoni inayokuuliza maamuzi yale makubwa.

"Jina utakalompa ndilo watakaloita." Wangu nilimwita Kabula, jina la bibi yangu, nikasubiri kwa hamu nimsikie mtu wa sayari nyingine akilitamka. Thubutu. Sauti zilirekodiwa kabla, kwa hiyo wote humwita Shepard au Kamanda. Jina la kwanza ni la kwako na skrini yako.

"Shepard wa kike ni wa kiume aliyebadilishwa umbo." Jennifer Hale ameigiza sauti yake katika gemu zote tatu, sawa na Mark Meer kwa wa kiume, na wapo wanaompenda mmoja wasimtake mwingine.

"Ukifia kwenye misheni ya mwisho ya gemu ya pili, ya tatu itakufufua." Hapana. Wasipopona wenzako wawili angalau, Shepard hufa, na sevu hiyo haipokelewi kwenye gemu ya tatu. Kuna dogo alifika mwisho akiwa hajaboresha meli wala kumaliza shida za wenzake, akazika karibu timu nzima na yeye mwenyewe, kisha akailaumu pedi.

"Sura lazima ihame salama." Mwaka 2012 gemu ya tatu ilitoka ikigoma kuzitambua nyuso zilizoundwa kwenye ya kwanza, na watu walipiga kelele hadi marekebisho yalipotolewa mwezi uliofuata.

Wanaoniuliza kama sevu za zamani zinaingia kwenye Legendary Edition ya 2021, toleo lililoboreshwa la gemu zote tatu: haziingii. Kabula wangu nimemuunda upya. Wrex yuko hai, na nakala ya sevu iko kwenye flashi, ndani ya soksi, kabatini.